Shuka ya Chumba Namba Sita

Gisenyi, 3 Juni 1957

Kwa yaya wangu, dada mkubwa Saidati, Bukavu,

Salamu nyingi kama samaki za Kivu. Uko aje, na shemeji, na watoto? Kifua bado kinakusumbua? Mi niko muzima wa kupita kiasi. Ukiniona utafikiri ni mutoto wa chifu.

Bon, yaya, hoteli imefunguliwa! Ile waliyojenga kando ya ziwa, pale tulipokuwa tunachota maji. Ghorofa mbili, nyeupe kama jino. Ukizungusha robine maji yanatoka ya moto yenyewe, hakuna mutu anayechemsha. Taa iko mpaka chooni. Wazungu wanatoka Usumbura wanakuja kulipa kulala tu, na nyumba wanazo! Tena wamesema hata mweusi, akiwa na karata yake ya serikali na koti, anaingia kwa mlango wa mbele.

Na nani iko kwa meza ya mbele, kalamu kwa sikio? Mdogo wako. Karani Faradji. Wale waliocheka niliposhindwa darasa la tano waje wacheke sasa. Wellars, yule mutoto wa wavuvi mwenye kujiona, yeye anatandika vitanda na ananiita musyé, bwana mukubwa. Uwaambie wakwe zangu kwa Mzee Kadiri. Mwambie na muchumba wangu Mwamini, lakini polepole, asianguke. Ile picha yangu na kravati shingoni bado wameitundika?

Mdogo wako mwenye kalamu,
Faradji


Bukavu, 12 Juni 1957

Kwa mdogo wangu Faradji,

Nakusalimu sana. Hapa sote wazima, na kifua kimepungua, ahsante kwa kuuliza. Shemeji yako anasema Kiswahili chako kinachechemea kama gari lililokosa gurudumu, lakini alicheka mpaka akamwaga chai.

Sasa keti kwanza. Nilimsomea Mama Mwamini barua yako, naye akamweleza mumewe. Unamjua Mzee Kadiri kwa kuiga mambo. Mwaka jana alimwona Mzungu mmoja akimpeleka mkewe hotelini kwa sababu wametimiza miaka kadhaa ya ndoa. Akauliza, akaelezwa, ikamkaa moyoni. Yeye na Mama Mwamini wanatimiza miaka ishirini na tano mwezi huu. Babu zetu hawakuhesabu ndoa, waliishi tu. Lakini mzee ameshashona koti. Hoteli za hapa hazitaki weusi. Anasema, "Nitalala kule ambako mkwe wangu ndiye karani. Anipokee mwenyewe mbele ya Wazungu, aandike jina langu."

Wanapanda boti, watalala hapo Ijumaa tarehe 28. Mzee akirudi ameridhika, ndoa yenu inafungwa baada ya Idi. Mimi ndiye niliyekusifia mtaa mzima. Usiniangushe.

Dada yako,
Saidati


Gisenyi, 17 Juni 1957

Kwa yaya wangu,

Salamu. Mi muzima, lakini chakula hakipiti. Na we je? Ukisoma hii, kaa mbali na watoto.

Yaya, mi siko karani. Karani ni mutu mumoja mwenye miwani, anaitwa Kayitare. Kalamu yake niliishika mara moja, alipoiangusha. Kazi yangu ni vitanda: kutandika, kutandua, kubeba mashuka kwa dobi, kusafisha bafu. Na Wellars ndiye ninayemwita musyé, kwa sababu alianza kazi mbele yangu. Lakini we si unanijua? Toka utoto nikiua panya nasema chui. Ulipaswa kugawanya kwa kumi!

Sasa sikia ubaya wenyewe. Mzee Kadiri amewekewa chumba namba sita, na namba sita ni yangu. Donc mi ndiye wa kutandika kitanda cha wakwe! Ayii, hata kuandika naona haya. Nikikataa, Madamu mwenye hoteli ananifukuza. Nikikubali, unajua mwenyewe.

Mwambie mzee ziwa limechafuka. Mwambie hoteli imeungua. Mwambie kitu!

Mdogo wako asiye na kalamu,
Faradji


Bukavu, 22 Juni 1957

Faradji,

Afya sikuulizi. Mwongo kama wewe haugui.

Nimelia, kisha nikanawa uso nikaenda kumsaidia Mama Mwamini kufunga sanduku. Ningemwambia nini? Tiketi za boti ziko mkononi mwake.

Nisikilize vizuri. Mkwe hakanyagi chumba wanacholala wakwe zake. Hagusi kitanda chao. Hamwoni mama mkwe kichwa wazi. Akifanya hivyo ni kama amewavua nguo, na binti yao hampati tena, hata awe gavana. Huo uongo wa ukarani, mzee atakasirika kisha atapoa. Hili halipoi. Mwombe Wellars akushikie namba sita. Jifiche jikoni, jifiche ziwani, lakini mguu wako usivuke kizingiti kile.

Mwamini hajala tangu jana. Sikumwambia kitu; amenisoma usoni.

Dada yako


Gisenyi, 30 Juni 1957

Kwa yaya wangu,

Salamu kwako na kwa wote wa nyumbani. Ukiona maandishi yanalala, ni mukono wa kushoto unaandika. Wa kuume umefungwa kitambaa.

Wellars alikubali kuchukua namba sita, mi nikachukua namba tatu yake, ya Muzungu mwenye mbwa wa kuuma. Ijumaa wakafika. Nikachungulia kwa dirisha la dobi: mzee na koti jipya, Mama Mwamini nyuma yake na mtandio wa kijani. Mzee akapiga meza. "Nataka karani Faradji, mkwe wangu!"

Kayitare akavua miwani. "Mzee, hapa hakuna karani Faradji. Iko Faradji mumoja wa vitanda."

Wazungu wa kwenye veranda wakageuka wote. Mzee akaichukua kalamu. Akaandika jina lake mwenyewe, kalamu ikatoboa karatasi.

Nikajiambia, bon, huo ni uongo tu, yaya amesema unapoa.

Jumamosi asubuhi mzee akashuka kunywa kahawa. Wellars alikuwa ametumwa sokoni. Mi napita korido na mashuka mikononi, uso chini, nikaona maji yanatoka chini ya mlango wa namba sita, na mvuke. Ndani mama analia, "Jamani, naungua! Jamani!" Robine ilikuwa imemtokea mkononi. Yale maji ya moto, yaya, yale niliyokusifia.

Nikaita Madamu. Kimya. Nikaita mutu yeyote. Kimya. Akalia tena. Na maneno yako iko kichwani: mguu usivuke kizingiti.

Basi nikajifunika shuka moja toka kichwa mpaka kiuno. Nikafungua na ufunguo wangu, nikageuka mugongo, nikaingia kinyumenyume kama gari isiyo na kioo cha nyuma. Nikagonga meza. Nikagonga kitanda, kwa makalio tu, si kwa mukono, sijui kama inahesabiwa. Mashuka mengine nikayatupa chini nyuma yangu: "Mama, kanyaga hapo utoke, mi sioni kitu!" Chini ya sinki iko chuma cha kufungia maji, nakijua hata nikifumba macho. Nikachuchumaa, nikakipapasa. Kilikuwa moto kama pasi. Nikakizungusha mpaka maji yakakata, na ngozi ya kiganja ikabaki huko.

Nikatoka mbio, mugongo kwa mama. Shuka ikanasa kwa kitasa, ikaanguka ndani. Sikugeuka kuichukua.

Mchana wakaondoka. Mzee hakuuliza habari za mutu yeyote. Yaya, mguu wangu umevuka. Niandikie, hata kwa matusi.

Mdogo wako,
Faradji


Gisenyi, 10 Julai 1957

Kwa yaya wangu,

Idi njema. Mulichinja? Watoto walikula nyama vizuri? Boti imekuja, ikaja tena, barua yako haimo.

Madamu alihesabu mashuka, moja haiko. Nikatafuta namba sita mpaka chini ya kitanda. Hakuna. Akaniuliza, "Iliingia chumba gani?" Yaya, mi mutu wa mudomo, maneno hayajawahi kuniisha. Lakini nimwite mama wa Mwamini mwizi mbele ya Muzungu? Nikasema, "Ni mimi, Madamu. Niliipasua, nikaitupa." Akanifukuza pale pale. Wellars alitaka kufungua mudomo, nikamkanyaga mguu.

Donc sasa siko karani, na wa vitanda siko. Nabeba viazi na baba mdogo Dauda kule Mahoko, kwa mukono mumoja. Kama ndoa imekufa, sema imekufa. Usininyamazie tu.

Faradji, bado mdogo wako?


Bukavu, 16 Julai 1957

Kwa mdogo wangu Faradji,

Bado, mjinga wewe. Mkono unaendeleaje? Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kuandika ambalo lisingekuua.

Mzee alirudi akaitoa picha yako ukutani. "Karani wa vitanda!" alikuwa akisema hata akitafuna. Idi ilipopita akaita wazee waje kuvunja maneno ya posa. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na wanawake, Mwamini ameshika mkono wangu mpaka umekufa ganzi.

Mama Mwamini akaja na sanduku lake la safari, akalifungua katikati ya ukumbi, akatoa shuka nyeupe. Mzee akaruka. "Umeiba shuka ya Wazungu?"

"Kaa chini, Baba Mwamini. Uliniacha na maji yale ukaenda kunywa kahawa."

Wazee wakainama kuficha kicheko. Akawasimulia yote. Kisha akasema, "Boyi wa kawaida angeingia macho wazi, angenikuta nilivyo. Huyu aliingia kinyumenyume na kichwa ndani ya shuka. Nani anaingia hivyo kama si mkwe? Na shuka iliyofunika uso wa mkwe wangu haitandikwi tena chini ya mtu mwingine. Ndiyo maana niliichukua."

Mzee mmoja akakohoa. "Lakini mguu wake umevuka kizingiti."

"Wewe ulikuwepo? Mimi niliona shuka ikitembea."

Hapo nikatoka nyuma ya pazia, nikawasomea barua yako ya kufukuzwa. Mama Mwamini alijifunika mtandio usoni. Mzee akaagiza aletewe nyundo na msumari. Akaitundika picha mwenyewe. Akauliza tu, kravati ile ni ya nani. Nikasema ni yako, Mungu anisamehe.

Mama Mwamini anakuagiza upande boti ya Jumatano, uje uichukue shuka kwa mikono yako ukamrudishie huyo Madamu. Upite mlango wa mbele, ukae ukumbini kama watu. Na safari hii, anasema, uingie uso mbele.

Dada yako,
Saidati