Haki Niliyoidai Mwenyewe

Nimetolewa raundi ya kwanza. Aliyenitoa ni shemeji, yule dada wa mke wangu.

Usicheke kwanza, soma.

Unakumbuka mwaka jana kwenye sataranji ya mabingwa wanane walivyonipanga naye mwanzo kabisa, eti yeye wa kwanza kwa pointi na mimi wa nane? Basi safari hii nikasimama kikaoni, nikapiga meza: "Huku ni kuwalinda wakubwa! Tupangwe kwa kura!" Wote wakakubali. Wakanipigia makofi, kaka. Makofi!

Ndipo katibu akasoma pointi mpya. Shemeji bado wa kwanza. Mimi ni wa pili.

WA PILI! Kwa mpango wa zamani nisingekutana na shemeji mpaka fainali, na wanaofika fainali wote wawili wanakwenda ubingwa wa bara.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, nimefikiria upya."

"Fundi, kaa chini. Tumeshakubaliana."

Nikaingiza mkono kwenye kopo la kura mimi mwenyewe, nikatoa karatasi. Jina la shemeji. Mkono wangu huu huu unaochomelea mageti ya watu!

Shemeji akavuta kiti, akatabasamu: "Karibu, shemeji, mtetezi wa wanyonge." Akanimaliza chai yangu haijapoa.

Kinachoniuma ni kwamba utaratibu wenyewe ni wa haki. Nitamlalamikia nani?

Hasara yote hii hapa: mazoezi ya mwaka mzima yamekwenda, nafasi ya bara imekwenda, na Jumapili shemeji anakuja kula kwetu.