Kiti cha Patrau

Jumanne, 16 Aprili 2013

Kredito za simu zimeisha kabla ya adhuhuri. Miwani ya jua bado. Wazungu wa gesi wanakuja Palma na miwani yao usoni, sijui nani alinidanganya. Mmoja nimemtafutia chumba. Mwingine samaki. Wa tatu anatafuta baridi, nikamwambia subiri Juni.

Jioni kulisha kama kawaida. Kazi ya watu wawili. Mke wangu Mwanasha anamshika mwanetu Momadi, miye natia kijiko. Miaka miwili sasa na shingo bado haijasimama. Ukimlaza, uji unaingia njia ya pumzi. Yule enfermera, muuguzi wa hospitali, alituambia, akarudia, akamwonyesha Mwanasha kwa mikono: mtoto huyu asile amelala, hata siku moja. Basi mmoja anashika, mmoja analisha. Chakula chetu wenyewe tunakikuta kimepoa. Bega la Mwanasha limeanza kumuuma mpaka usiku.

Lakini hatukosi kucheka. Leo Momadi kanitemea uji kwenye miwani ya kuuza. Sasa ni miwani ya mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeona kitu leo.

Pale nyumba ya wageni kuna mzungu kaja na mke na mtoto mchanga. Wamekaa barazani kula. Mama katoa mfukoni kitambaa, kimekunjwa kama begi lenye njaa. Kakivisha mgongo wa kiti cha plastiki, kiti kile kile cha kawaida tunachokalia sote. Kafunga mikanda nyuma, kafunga chini, kamtia mtoto katikati. Mtoto kakaa wima kama hakimu. Mama anakula kwa mikono miwili.

Nimesimama pale mpaka mlinzi kaniuliza, "Sele, umeona jini?"

Nikamwambia nimeona dawa ya bega la mke wangu.

Jumapili, 21 Aprili

Nashona. Sindano ya magunia, kidole kimetoboka mara sijui ngapi. Chini gunia la mchele, juu kapulana, kanga ya zamani ya Mwanasha, ile ya maua mekundu aliyokuwa akimbebea. Pande mbili za kichwa nimejaza sufi, shingo isilale.

Shida ilikuwa mikanda. Kamba inakata. Kitambaa kinalegea. Nikaenda kwa Faki fundi magari. Uani kwake lipo lile gari lililopinduka njia ya Mocímboa. Watu walikufa mle. Faki kaikata mikanda ya viti na kifungo chake, kanipa bure.

"Weye huogopi?"

"Mkanda haukuua mtu. Kafa yule ambaye hakuufunga."

Tulicheka mpaka Faki kadondosha kisu.

Jumatatu, 22 Aprili

Amekaa!

Mara ya kwanza kiti kilitaka kumwaga mtoto. Uani kwetu mchanga, mguu wa plastiki unazama, kiti kinalala upande. Nilimdaka. Mwanasha kanitukana na kabila langu lote. Nikatia vifuu vya nazi chini ya miguu yote minne, kiti kikatulia.

Nikafunga kifungo. Klik. Momadi kacheka. Kwa sauti. Hajawahi kucheka kwa sauti. Nikafungua, nikafunga. Klik. Kacheka tena. Tumefanya hivyo mpaka jirani kaja kuchungulia.

Mwaka jana tulimchimbia shimo kama watoto wote wa hapa, mchanga mpaka kiunoni na kapulana kuzunguka. Wenzake walijifunza kukaa mle. Yeye aliinama kama nguo mbichi. Leo alikuwa wima, anaangalia kuku.

Mwanasha kamlisha peke yake. Kisha kala na yeye, uji kwa mkono mmoja, samaki kwa mwingine. Halafu kalia.

Jumamosi, 27 Aprili

Kiti cha kitambaa nakikunja kwapani, mtoto begani, tunatembea mji mzima. Kwa kinyozi. Kwa Faki. Kwenye chai. Popote penye kiti, Momadi anakaa. Watu wamempa jina: Patrau. Bosi. "Patrau kafika, mpisheni!" Anapenda. Anatoa ulimi.

Leo kulikuwa na kikao cha watu wa gesi na watu wa vijiji vya kule rasini. Turubai kubwa, viti vyeupe mbele vya wakubwa, mikeka nyuma. Nikamfunga Momadi kiti cha mbele kabisa. Bwana wa serikali kanitazama vibaya. Nikamwambia huyu naye anasubiri kazi.

Wakasema watu watahamishwa. Nyumba mpya zitajengwa. Mashamba yatapimwa. Makaburi yatahamishwa kwa heshima. Bibi mmoja kasimama kwenye mkeka.

"Hiyo heshima mtaipakia kwenye gari gani?"

Watu wakacheka. Si kicheko kizuri.

Ijumaa, 3 Mei

Mwenye nyumba ya wageni kakiona kiti. Anataka vya kwake, vya wageni wenye watoto. Kanipa kitambaa kipya. Miye, darasa la nne nimeliacha katikati, leo mwenye kiwanda.

Maneno yameanza. Bombani wanasema Sele kamfunga mwanawe kwa mkanda wa maiti, ndiyo maana wazungu wanamtafuta. Mtoto hawezi kukaa, ghafla anakaa. Nani anamshikilia? Mama mmoja kamvuta mtoto wake tulipopita.

Nikasema kama nimemuuza mwanangu, mnunuzi kanipunja, suruali ni hii hii. Hakucheka mtu. Hilo halijawahi kunitokea Palma.

Jumanne, 7 Mei

Mama mkwe kaja toka Olumbi. Bibi Atija. Maneno yamemfikia hata kule. Hakula. Kakizunguka kiti, hakukigusa.

"Mkwe, mtoto anafungwa kama mbuzi wa sadaka?"

"Mama, mbuzi hawapewi kiti."

Hakucheka. Kasema mkanda ule una wenyewe, na wenyewe wamekufa vibaya, watamdai mtoto. Si mwanamke mbaya. Nusu ya watoto wa Olumbi imepita mapajani kwake. Anaogopa, basi. Mwanasha naye kaanza kuogopa, namwona, anafunga kifungo huku anasoma dua.

Nikaahidi. Naenda Mocímboa kutafuta mikanda mingine, ya gari ambalo halijaua. Nikirudi naibadili yote. Mama mkwe kanyamaza. Nilidhani kakubali.

Ijumaa, 10 Mei

Nimerudi na mikanda. Kila gari nimeuliza kama lina marehemu. Mafundi wa Mocímboa wananiona mwehu.

Nyumba imefungwa. Kiti cha plastiki kipo uani, juu ya vifuu vyake. Kitupu.

Jirani kasema Bibi Atija kawachukua jana. Mwanasha alikuwa analia. Kile cha kitambaa kimo ndani ya furushi, jirani kakiona. Afadhali. Mwanasha anajua namna ya kulisha.

Hakuna chapa, gari la abiria, la kwenda Olumbi. Yote yamekodiwa na watu wa gesi, yanabeba vibarua. Nimesimama njiani mpaka magharibi. Faki ataniazima baiskeli.

Nimekula peke yangu. Mikono yote miwili ilikuwepo.

Jumapili, 12 Mei

Olumbi. Nimefika jana jioni, miguu imekufa.

Nimemkuta Bibi Atija kwenye mkeka, miguu kanyoosha. Momadi kalala chali juu ya mapaja yake. Kiganja kakifanya mfereji mdomoni mwa mtoto, anamimina uji. Ndivyo sote tulivyonyweshwa. Mama yangu alininywesha hivyo. Mwanasha kasimama mlangoni, macho yamevimba. Kitambaa kimetupwa juu ya dari.

Nikasema mama, huyu halishwi amelala.

"Wote unaowaona humu nimewanywesha hivi. Hata huyo mkeo."

Kweli. Lakini wote walikuwa na shingo.

Mtoto ana homa. Kifua kinalia kama chupa yenye maji kidogo. Nikasema tunaondoka sasa hivi. Kasema subiri, mwalimu anaandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji, anywe kwanza. Wajomba wa Mwanasha walikuwepo, watu wazima, wamekunja mikono. Miye mkwe, nipo ugenini. Unajua nilifanya nini? Nilifanya mzaha. Nikasema Patrau hanywi wino, atakuja kuandika barua tumboni. Mjomba mmoja katabasamu. Tukalala.

Leo mchana kutwa wamemnywesha kombe. Amelala chali. Mwanasha kajaribu kumwinua, mama yake kamtoa mkono. Nilipomchukua kwa nguvu jua lilikuwa limeshazama na njia haipitiki. Kesho alfajiri. Namshika wima sasa hivi, naandika kwa mkono mmoja.

Jumatatu, 13 Mei

Njia nzima. Kapulana, Momadi kifuani kwangu, wima. Nasukuma baiskeli, Mwanasha nyuma yangu anashika kichwa cha mtoto kwa juu ya bega langu. Mchanga.

Machapa yanapita. Yamejaa wanaume wenye kofia za plastiki. Dereva mmoja namjua, nimemuuzia kredito mara nyingi. Kapunguza mwendo, kainua mikono.

"Leo si gari yangu, Sele. Nikisimama nimeacha kazi."

Kaenda. Vumbi lote letu.

Palma jioni. Enfermera yule yule. Kasikiliza kifua muda mrefu. Kauliza kalishwa vipi. Mwanasha katazama chini. Kajua mwenyewe.

Wamemchoma sindano. Nipo nje, kwenye baraza la hospitali. Zamu ya Mwanasha kumshika.

Jumanne, 14 Mei

Amekufa asubuhi. Tumemzika baada ya adhuhuri.

Mwepesi.

Alhamisi, 16 Mei

Watu wanakuja, wanakaa, wanaondoka. Wengine wananitazama mikono. Wanasema Sele kamaliza kulipa. Wanasema nyuma ya mlango, lakini mlango wetu ni wa makuti.

Faki tu anakaa mpaka jioni. Leo kajaribu mzaha, kuhusu lile gari lake kukosa mikanda na bado halina abiria. Nikajisikia nacheka. Nimekichukia kicheko kile. Nimemchukia Faki pia, kidogo, mpaka akaenda.

Namchukia Bibi Atija sana. Sioni haya kuandika.

Najichukia miye kwa mzaha wa barua tumboni.

Jumamosi, 25 Mei

Nimemrudishia mwenye nyumba ya wageni kitambaa chake. Kasema pole, kisha kauliza kama namjua fundi mwingine. Nikasema hakuna.

Mikanda ya Mocímboa imening'inia msumarini. Haijaua mtu. Haijashika mtu.

Mwanasha anapika uji asubuhi. Anakumbuka ukishachemka. Tunaunywa.

Jumapili, 30 Juni

Baridi asubuhi. Yule mzungu wa Aprili aliyeitafuta atakuwa amefurahi.

Nilikuwa napanga kredito uani. Mwanasha kaenda bombani. Bibi Atija kaingia peke yake, furushi kichwani. Hatujaonana tangu Olumbi. Maziko hakuyawahi. Amekonda, shingo yote mishipa.

Kashusha furushi, kafungua. Kile kitambaa. Amekishusha darini, amekifua, nadhani hata pasi kapiga. Maua yamekuwa mekundu tena.

Nikakichukua. Nikakinusa. Pande zile za sufi, ndani ya mshono, chini. Sabuni. Kila mahali sabuni.

Alitaka kufanya jema. Najua. Neno baya lilifika kwenye meno, nikalirudisha.

Kakipokea, kakikunja tena vizuri, kafunga mkanda usining'inie. Klik. Tumesikia wote wawili.

"Mwanasha aliniambia, mkwe. Siku ile ile tuliyofika aliniambia. Miye nikasema watoto wa siku hizi watatufundisha kulea."

Sikuwa na mzaha.

Alikuwa anataka kukaa chini, anatafuta pa kushika, magoti yanamsumbua. Mchanga bado una umande.

"Mama, usikae hapo."

Kiti ni kimoja tu. Nikakivuta. Mgongoni kina alama mbili, mikanda ilipokuwa inasugua. Kaziona. Kasimama kidogo. Kisha kakaa, kwa ukingo, kama mgeni.

Mguu mmoja wa nyuma ukaanza kuzama.

Nikaenda kumtafutia kifuu.