Nyumba Yetu Imekuwa Rangi Nne

Anyango shoga yangu, nakufa mimi!! Nimetoka kazini nakuta nyumba yetu ina rangi nne. NNE!

Si nilipaka vipande vinne vya majaribio ukutani, ili mama achague rangi moja tu ya kuendana na bati letu la kijivu? Fundi Nestory kadhani ndo mchoro wenyewe! Mbele njano, ubavuni zambarau, nyuma kijani, barazani pinki. Pinki jamani!

Namuuliza, "Fundi, nini hiki?"
Ananijibu, "Dada, si ulichora mwenyewe? Mimi nimekuza tu."

Na kesho wazee wa Zadok wangu wanatoka Nansio kuleta posa!!

Nikamkimbilia baba, nikijua atamwambia fundi arudie. Baba kafurahi huyo! Kashawapigia simu: "Hampotei. Mkifika Pasiansi, ulizeni nyumba ya rangi zote."