Shemeji Yako Anatakiwa Kazini Kesho

Mzee mwenzangu, shika simu! Nimeharibu.

Kazi ya bustani nimepata. Lakini mama mwenye nyumba hajui Kiswahili, alinihoji kwa Kiingereza, na kile changu cha kuokoteza unakijua: nimekariri wakati uliopo tu, na ile "s" ya mwisho nisiisahau.

Akaniuliza habari za mke wangu. Nikasema, "She cooks. She sings." Anapika, anaimba. Sikukosea hata moja!

Mama akapiga makofi, kwa Kiingereza chake: "Kumbe anapika! Mlete kesho, nimwajiri naye."

Mlete! Shemeji yako, tuliyemzika mimi na wewe! Namna ya kusema alikufa sijaifikia bado.

Nikiikosa kazi hii narudi barabarani kusaka kibarua, na miguu imekwisha.

Nisikufiche, ndugu yangu. Niliposema anaimba, nilimsikia. Ndiyo maana nikamjibu mama kwamba anakuja.