Ukurasa Alioudai Bibiana

Paskazia,

Katika nyumba hii mtoto hagusi kitabu mpaka mkono wake upite juu ya kichwa na kushika sikio la pili. Ndivyo mapadre walivyotupima sisi kabla ya kutuandikisha shule.

Mpunga uuanue kabla ya mvua. Mwanao Bibiana yuko kwa jirani, Mama Jofrey.

Leo, kwa kuwa ulikuwa zamu kazini, nilimpeleka mwenyewe kwenye usomaji wenu wa watoto pale Viwanja Sitini, na akina mama wakanishurutisha nisome. Tangu apatwe na degedege nilihofu hatasema sawasawa, sikukuambia. Nikafunua kurasa mbili kwa pamoja. Akasimama mbele ya watu wote: "Babu, umeruka! Kiboko bado hajala mpunga!"

"Mwalimu mzee kakamatwa!" wakacheka.

Kumbe umemsomea hadithi nzima mpaka imemkaa kichwani. Nilirudi nyuma nikausoma ukurasa ule.

~~Jumamosi ijayo abaki nyumbani.~~ Jumamosi ijayo nitampeleka mimi. Ufunguo wa sanduku la vitabu nimeuacha hapa mezani.

Nakwenda kuvuka mto hadi Lupiro, nikamwambie mama yako alivyosema.

Shuleni kwetu aliyeruka ukurasa aliteka ndoo nne za maji. Pipa limejaa.

Baba yako