Gunia Kati Yangu na Baba Mkwe

Kehancha, Alhamisi, 1966. Mvua tangu asubuhi. Bado nina hasira, ila leo ni hasira tamu.

Mimi, mgeni! Kwetu ni upande wa Tarime, ukipanda kilima unaiona Kehancha. Mkuria kama watu wa hapa, nimeolewa hapa, nimezaa hapa.

Mwezi jana polisi alinisimamisha njia ya Migori, akaigeuzageuza leseni yangu. "Mama, hii ni ya Tanzania. Hapa wewe ni mgeni. Enda ufanye testi Homa Bay. Mpaka upite, usiendeshe bila mtu wa leseni ya Kenya kando yako."

Nimeendesha gari la misheni tangu usichana wangu, leo nifungiwe kibao cha L kama anayejifunza!

Kibao ningevumilia. Shida ni huyo mtu wa kando. Mume wangu Chacha amevunjika mguu, yuko kitandani. Shemeji Mwita anangoja nishindwe ili auze pikapu yetu, na bila pikapu mahindi yetu yataozea ghalani. Mwenye leseni mwingine hapa nyumbani ni baba mkwe, aliyeendesha lori la jeshi wakati wa vita. Na kwetu Wakuria mke wa mtoto hakai kiti kimoja na baba mkwe. Hata kikombe simkabidhi mkononi.

Nilimtuma mama mkwe amwombe. Hakurudi na jibu. Mwita alicheka mpaka akashika mbavu.

Leo asubuhi nikawasha gari. Niliamua kwenda Homa Bay peke yangu, wanikamate wakitaka. Ndipo mzee akatoka na koti lake la jeshi, akiburuta gunia la mahindi. Akalisimamisha katikati ya kiti cha mbele, akapanda, akageukia dirisha.

Mwita hakucheka tena.

Njia nzima mzee aliongea na gunia. "Mwambie dereva iko shimo mbele." Baadaye: "Mwambie dereva ng'ombe ya huyu mtu haijui honi." Nami nikalijibu gunia kwa adabu zote. Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, kwa sababu nilijua wazee wenzake watamsema.

Homa Bay mzee alishuka, mkaguzi wa testi akapanda kando yangu, akanisimamisha katikati ya mlima, akaniambia niondoke bila gari kurudi nyuma. Halikurudi hata kidogo. Akauliza kama wanawake wote wa Tanzania wanaendesha hivi. Nikamjibu aende akaone. Alitia saini bila kuniangalia.

Kibao cha L nilikivunja kwa goti pale pale.

Sasa sheria haikumhitaji tena baba mkwe. Nikatandika mkeka nyuma, chini ya turubai, akae huko bila aibu. Akautazama mkeka. Kisha akaenda mbele, akaliweka gunia sawa, akapanda.

"Mwambie dereva wetu," akaliambia gunia, "twende nyumbani."

Wetu. Niliendesha kitambo siioni barabara vizuri, na si kwa sababu ya mvua.

Tulipofika, Mwita alikuwa amesimama katikati ya lango. Nikampigia honi mpaka akapisha.

Kesho napeleka mahindi Migori. Anayetaka kuniita mgeni, na anisimamishe.