Friji ya mtu wa Chaani

Alhamisi, baada ya isha.

Usingizi wenyewe hauji. Yule kijana wa kwenye simu, anayeuza friji kuukuu na kusema yuko Chaani, alinambia nimtumie pesa kwanza ndiyo ailete hapa Likoni. Nikamuuliza, "Baba, hapo Chaani wewe mtoto wa nani?" Akasema mamake ni Bi Mwanaisha, nyumba ya nyuma ya msikiti.

Nikampigia somo yangu, tunaitwa jina moja, amezaliwa Chaani na hakuna mtu pale asiyemjua. Akaangua kicheko. "Somo, huku nyuma ya msikiti ni makaburi matupu! Basi huyo kazaliwa na maiti!"

Nikamwambia yule kijana, "Mwanangu, nakuja kuitazama kwanza." Kanifungia simu mpaka sasa.

Pesa zangu ninazo, alhamdulillahi. Lakini huu mdomo wangu! Nilipokuwa nikimbembeleza apunguze bei, nilimwelekeza mpaka mlangoni, nikamwambia na baba watoto yuko melini, nalala peke yangu.

Komeo nishatia, meza nimeisukuma mlangoni. Paka akikwaruza tu, naenda kulitazama komeo tena!

Somo anasema kesho nikalale kwake. Haya, na nyumba nimwachie nani, yule mwizi?